Subira Imekuja

Garsen, 9 Machi 1955

Kwa kaka yangu Shee bin Abdulsalam, Mombasa,

Pokea salamu nyingi kutoka mtoni, nyingi kuliko mbu wa msimu huu. Mimi ni mzima. Mume wangu Buya ni mzima, bado anavuta kamba ya kivuko na viganja vyake vimekuwa ngozi ya kiboko. Mpunga mwaka huu wameula ndege, sisi tumeonja tu. Jirani yetu Mwanatumu, yule tuliyehama naye kutoka Kau, anakusalimu na anauliza kama Mombasa wanauza dawa ya kusahau njia ya kwenu. Mwandiko wangu usiucheke, mwalimu wangu ni Buya, naye alijifunzia kwenye magunia ya watu.

Sasa neno lenyewe. Mama amekataa chakula. Ugonjwa ulianza mwezi uliopita kwa tumbo, tukamchukua kwa mtumbwi hadi hospitali ya Ngao, akapewa dawa, kisha tukaambiwa tumrudishe nyumbani tumpe kila anachokitaka. Wewe ni mtu mzima, unajua maana ya maneno hayo. Mimi niliyaelewa tukiwa katikati ya mto na nikalia mpaka mpiga kafi akaacha kupiga kafi.

Anachokitaka ni kimoja tu. Anataka Subira. Unaikumbuka keki ile ndogo ya karatasi ya njano, yenye maandishi ya Kihindi ambayo Kau nzima hakuna aliyeweza kuyasoma? Jina lake la kweli hatukulijua. Tuliiita Subira kwa kuwa Mahmud wa duka, kila ukimuuliza, alijibu, "Subira, subira, iko njiani." Mimi ninakumbuka kitu kimoja. Nimefungwa kanga mgongoni mwa mama, ninakula, makombo yanamwangukia shingoni, naye anacheka. Halafu vita vikaja, sukari ikawa ya kadi, na keki ikapotea.

Abiria wa kivuko wanasema imerudi, tena inaokwa hapo hapo kiwandani unapofanya kazi. Kila asubuhi mama akifungua macho ananiuliza, "Subira amekuja?" Anasema amekuja, kama vile ni mtu! Sisi watu wa mto Kiswahili chetu ni cha kuokota, lakini mama ameshinda wote. Kaka, mletee. Sijakuomba kitu tangu uondoke.

Ni mimi mdogo wako,
Mwanasiti

*

Mombasa, 2 Aprili 1955

Mdogo wangu Mwanasiti,

Nimeipokea barua yako jana, imechoka kuliko aliyeileta. Nami ni mzima wa mwili. Mwambie Buya apake samli viganjani, na Mwanatumu mwambie njia ninaijua.

Habari ya mama imeniuma. Niliisoma nimesimama karibu na tanuri, msimamizi akadhani nimeungua.

Ni kweli, keki imerudi. Mwenye kiwanda alifariki, mwanawe akakuta stoo bati za zamani za kuokea, zile zenye mikunjo pembeni, akasema tujaribu. Ungeona watu siku ya kwanza! Wanaume wenye mvi walikula wamesimama barabarani. Mmoja alirudi akaniuliza, "Ni nyinyi wale wale?" Nikamwambia ni sisi. Akanitazama akaondoka. Karatasi bado ni ya njano lakini sasa imeandikwa Kiingereza.

Ninakutumia boksi zima kwa basi la Malindi, nimempa dereva mwenyewe mkononi. Mpe mama na chai ya maziwa. Akiuliza maneno mengine, mwambie apumzike. Ugonjwa una maneno yake.

Kaka yako,
Shee

*

Garsen, 27 Aprili 1955

Kaka Shee,

Ramadhani njema. Mwaka huu tunafunga na joto, na jioni tunafuturu uji wa mahindi na mbu kwa pamoja. Mwanatumu amenyamaza kidogo kwa sababu ya saumu, nyumba imepata raha.

Boksi lilifika. Keki kumi zilikuwa unga mtupu, mbili zilikuwa nzima. Nilimwinua mama nikamwegemeza kifuani pangu. Ni mwepesi, Kaka, ni kama kubeba nguo zilizoanuliwa. Nikamwambia, "Mama, Subira imekuja." Uso wake ukafunguka. Naapa sijauona uso ule kwa mwaka mzima. Akageuka kutazama mlangoni. Nikamtia keki mkononi. Akaitazama, akainusa, akaiweka juu ya mkeka polepole, akasema, "Si huyu."

Nikamsahihisha. Nikamwambia mama, keki haiitwi huyu, sema si hii. Akafumba macho. Tangu hapo hakuniuliza kitu siku tatu.

Nilikasirika kwa nguvu zote za mfungaji. Nilikulaumu wewe. Nilisema mmeibadilisha keki, mmetia mafuta ya kopo badala ya samli, na mgonjwa ana ulimi kuliko mzima. Sema kweli, mmefanya nini?

Kinachopita kooni mwake ni maziwa tu. Kuna mama mmoja wa Minjila, wa kina Guyo wafuga ng'ombe, huvuka kila siku ya pili na vibuyu vyake. Tunamwita Mama Dado. Haingii ndani, hukaa pale uani karibu na kinu mpaka nimrudishie kibuyu, kisha huuliza, "Mgonjwa amekunywa?" Nikisema amekunywa, huondoka. Juzi mama aliniuliza maziwa yameletwa na nani, nikasema mwanamke wa Minjila. Akaomba kibuyu kikae karibu naye.

Njoo, Kaka. Keki haiwezi kumsalimia.

Mwanasiti

*

Mombasa, 15 Mei 1955

Mdogo wangu Mwanasiti,

Saumu yako iwe yenye kukubaliwa. Huku Idi inakaribia na kiwanda kimekuwa vita. Tunaoka tangu alfajiri, trei juu ya trei, siwezi kupata ruhusa hata ya kwenda kunyoa. Usiseme sitaki kuja.

Kuhusu keki umesema kweli. Zamani walitia samli ya ng'ombe na iliki iliyotwangwa, mayai wakayapiga kwa mkono mpaka yakawa meupe. Sasa kuna mashine, na mafuta ni ya kopo. Nimezungumza na mpishi mkubwa, mzee mmoja aliyekuwako kabla ya vita, tukaoka kumi na mbili kwa namna ya kale. Nimetwanga iliki mwenyewe. Nimezipanga kwenye kopo la biskuti na pamba juu na chini. Hizi atazikubali. Zile za kwanza hazikuwa Subira ya haki, ndiyo maana alizikataa. Ni ladha tu, Mwanasiti. Ni ladha.

Mama ni mgonjwa, usimshike maneno. Na yule mama wa maziwa usimweke sana uani. Mpokee kibuyu aende zake, watu wa Minjila wana safari ndefu.

Shee

*

Garsen, 3 Juni 1955

Kaka,

Idi imepita. Sikuvaa kitu kipya. Mto umepanda mpaka kwenye migomba na Buya anasema wiki hii au ijayo kivuko kitafungwa.

Kopo lilifika, keki zote nzima. Zilinukia mpaka Mwanatumu akaja bila kuitwa. Mama hakuzitazama. Jana alinishika mkono kwa nguvu ambazo sikujua anazo bado, akasema, "Mwambieni avuke. Baba yenu hayupo tena. Mwambieni Subira avuke."

Keki haivuki, Kaka. Keki huvushwa.

Nikaenda kwa Mwanatumu nikamuuliza, Subira ni nani? Mwanamke yule anayezungumza hata akitafuna, alijiziba mdomo kwa ukaya wake wa kichwani. Akasema, "Mimi niliapishwa. Muulize kakako."

Ninakuuliza. Na usiniandikie habari za iliki.

Mwanasiti

*

Mombasa, 20 Juni 1955

Mwanasiti,

Salamu zangu leo ni fupi. Barua hii nimeichana mara tatu.

Tulizaliwa watatu. Mimi, kisha Subira, kisha wewe. Jina alipewa kabla keki haijafika Kau, na keki ilipobandikwa jina lile, nyumba nzima ilicheka. Baba akiipata dukani alikuwa akisema, "Nimemletea Subira subira yake." Alimpenda kuliko sisi wote, ndiyo maana alikasirika kuliko tulivyoweza kuvumilia.

Mwaka wa arobaini ng'ombe wa Waorma waliingia shambani kwetu wakala mahindi yote ya ukingoni. Baba na wazee wakaenda kudai haki yao. Wiki ile ile Subira akaondoka na mmoja wa vijana wa ng'ombe wale, Guyo. Alikuwa na miaka kumi na sita. Walifunga ndoa kwa kadhi, ndoa ya halali, lakini baba alisema amechekwa mara mbili na watu wale wale. Akatuapisha, sisi na jirani, kwamba jina lile lisitajwe nyumbani kwake likiwa na maana ya mtu. Wewe ulikuwa na miaka minne. Ulilitaja kwa siku kadhaa, kisha ukaacha. Tulipohamia Garsen hakuna aliyejua kuwa tuna ndugu mwingine.

Mama alitii. Lakini kila mtumbwi wa duka ulipofika alisimama mlangoni akauliza, "Subira imekuja?" Baba angemwambia nini? Ni keki. Miaka ile yote alisema imekuja, imekuja, hakukosea hata mara moja. Nilikuwa nikimsikia natamani kutoka nje. Vita vilipokata sukari, Mahmud akamwambia, "Mama Shee, Subira hakuna tena." Siku mbili hakukupikwa nyumbani. Baba alidhani ana homa.

Sasa anasema amekuja. Hajakosea Kiswahili, mdogo wangu. Amechoka kuficha.

Nenda Minjila, kwenye boma la Guyo. Mwambie mama yake anamwita. Kwa nini hakurudi baada ya baba kufariki, sijui. Labda alikasirika.

Nenda leo.

Shee

*

Garsen, 4 Agosti 1955

Kwa Shee,

Barua yako ya tarehe ishirini Juni nimeipata tarehe ishirini na nne Julai. Barabara ilikatika, mfuko wa posta ukalala ng'ambo mwezi mzima. Buya aliuona mfuko kwa macho yake, umetundikwa kwenye mti ili usilowe, na hakuna aliyeweza kuufikia.

Mama alituacha Jumatano, tarehe ishirini na tisa Juni. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Tulimzika siku ile ile, mahali pa juu, kwa sababu kwingine kote kulikuwa maji. Sikuwa na njia ya kukuarifu. Mpaka dakika ya mwisho aliuliza. Nilimwambia, "Subira yuko njiani." Nilisema yuko. Sikujua ninasema nini, nilitaka tu amsikie mtu anayelitaja jina lile vizuri. Akanitazama akatabasamu kidogo. Nilimdanganya mama yangu na sitajisamehe, ingawa ningerudia tena.

Nilipomaliza kusoma barua yako nilivaa buibui nikavuka, nikaenda kwa miguu katika tope mpaka Minjila. Nikauliza boma la Guyo. Aliyetoka nyumbani akanifuta tope miguuni kabla hajaniuliza shida yangu ni Mama Dado. Yule wa maziwa.

 Yeye ndiye aliyeanza. "Umeshajua," akasema. Kisha akasema, "Ulikuwa ukinimwagia makombo shingoni, yakiniwasha siku nzima." Kumbe haukuwa mgongo wa mama, Shee. Maisha yangu yote nimempa mama mgongo wa mtu mwingine.

Tulilia mpaka ng'ombe wakarudi. Mafuriko yalimzuia kuvuka wiki zile za mwisho, na habari ya msiba aliipata sokoni, kama habari ya mtu baki. Nikamuuliza, "Ulikuwa uani kwangu, hatua saba kutoka kitandani pake. Kwa nini hukuingia?" Akanijibu kuwa mwaka wa arobaini na nane, baba alipofariki, alikuja msibani. Wewe ulimkuta kivukoni. Ulimwambia, "Mama hataki kukuona. Amesema ukikanyaga kwake atakutolea radhi." Akageuka hapo hapo akiwa na mtoto mgongoni. Ndiyo sababu alikaa karibu na kinu. Alisema alitaka maziwa yaingie kwa kuwa yeye hakuruhusiwa.

Uliniandikia kwamba hujui kwa nini hakurudi.

Ninakuuliza neno moja, na Subira anauliza pamoja nami. Mama aliyasema maneno yale?

Mwanasiti

*

Mombasa, 17 Agosti 1955

Mwanasiti, na Subira kama unasomewa,

Mama hakusema neno lile. Mama hakujua kuwa wewe, Subira, ulifika kivukoni. Ni mimi.

Nilikuwa na siku tatu tangu niwe mkubwa wa nyumba. Wazee wamekaa mkekani, wote waliokuwako siku ya kiapo, na mimi nimevaa kofia ya baba. Niliogopa kwamba ukiingia watasema mwana ameanza kuvunja maneno ya babake kabla kaburi halijakauka. Nilijua ukiambiwa ni mimi ninayekukataa utanisukuma upite, ulikuwa hivyo tangu utotoni. Basi nikakuambia ni mama. Nilidhani nitalirekebisha baada ya matanga. Baada ya matanga nikasema baada ya arobaini. Kisha nikakimbilia Mombasa ili nisimsikie mama akiuliza.

Mwanasiti aliponiandikia kwamba mama anasema amekuja, nilijua siku ile ile. Mwezi wa nne nilikuwa najua. Ningeandika mstari mmoja tu na barabara ilikuwa kavu. Nilioka keki. Nilitwanga iliki usiku na mchana kama mwendawazimu ili keki iseme badala yangu.

Watu husema kawia ufike. Mimi nilikawia na sikufika.

Niruhusuni nije nisimame kaburini. Sitakaa.

Shee

*

Garsen, 12 Oktoba 1955

Kwa Shee bin Abdulsalam,

Salamu. Maji yameshuka, tunapanda ukingoni tope likiwa bado laini. Buya hajambo. Mwanatumu amejilegezea kiapo na sasa anataja jina la Subira kutwa, hata pasipohitajika, kama mtu anayelipa saumu alizokula.

Barua yako nilimsomea Subira mara moja yote. Kisha akaniomba nirudie pale mwanzo, "Mama hakusema neno lile." Nikarudia. Akaomba tena. Mara ya tatu alikuwa ameshika kibuyu anakifukiza moshi, akaendelea kukifukiza mpaka kikaungua ndani, na yeye si mwanamke wa kuunguza kibuyu. Akasema, "Miaka saba." 

Jibu lake ni hili, nakuandikia kama alivyosema. Hakutoi katika udugu, kwa sababu tumeshapoteza wa kutosha. Lakini usije. Akikuona kivukoni hajui atafanya nini, na mtoto wake atakuwa pamoja naye. Na mimi ninasema hivyo hivyo, Kaka. Nilikupenda kuliko watu wote walio mbali. Sasa ninaposoma barua zako za zamani sijui mahali pa kusimama. Kila penye salamu ninatafuta ulichoficha.

Kuna habari moja ya mwisho. Wiki iliyopita lori lilishusha maboksi kwa mwenye duka hapa Garsen, ya karatasi ya njano. Mimi na Subira tulikuwa tumekaa nje ya duka na vibuyu vyetu. Watoto wakatoka mbio, wanaruka, wanapiga kelele njia nzima, "Subira imekuja! Subira imekuja!" Wazee wao ndio waliowafundisha jina. Subira akainuka kitini, akatazama huku na huku, akaniuliza, "Wananiita mimi?"

Nikamwonyesha keki. Akaichukua, akaigeuza, akainusa, vile vile alivyofanya mama, hata vidole ni vile vile. Akaniuliza, "Hii ndiyo aliyokuwa akiililia?"

Nikamwambia, "Si hii." Akaelewa. Akaketi chini akajifunika uso kwa mtandio, na wateja wa maziwa wakasimama wakingoja.

Wewe utaendelea kuzioka, najua, ndiyo kazi yako. Zitafika kila mwezi, na watoto hawatanyamaza kwa ajili yetu. Kila lori likishusha wataita, na sisi wawili tutageuka kutazama mlangoni, kama mama.

Mwanasiti binti Abdulsalam